Ungamo la Augsburg na Suala la Ubaguzi wa Rangi: Nafasi ya Maungamo ya Kale katika Makanisa ya Kilutheri, 1530–1984

Mwezi Juni 1977, wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikusanyika Dar es Salaam katika Mkutano Mkuu wa sita, ambao ndio uliokuwa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Miongoni mwa maamuzi yao lilikuwamo tamko fupi kuhusu makanisa ya kusini mwa Afrika. Tamko hilo halikuishia kuuita ubaguzi wa rangi dhuluma, jambo ambalo lilikwisha kusemwa mara nyingi na Umoja wa Mataifa pamoja na vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi zao katika jiji hilohilo. Liliyasihi makanisa wanachama ya Wazungu yatambue kwamba mazingira ya kusini mwa Afrika yalikuwa yamefikia hali ya kuungama, yaani hali ambayo kanisa likinyamaza linakuwa limeikana imani yake lenyewe. Dhana hiyo haikubuniwa mwaka 1977. Mizizi yake imo katika Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577, hati iliyoandikwa na wanateolojia wa Kijerumani ili kumaliza magomvi ambayo mojawapo lilihusu, pamoja na mambo mengine, kanzu nyeupe zinazovaliwa ibadani.

Insha hii inachunguza jinsi hati za karne ya 16 zilivyofikia kuwa chombo cha kuamulia suala la karne ya 20. Hoja yake ni kwamba umuhimu wa maungamo ya kale kwa Walutheri wa leo hauonekani vema pale yanapotajwa katika katiba za makanisa, kwa maana huko hutajwa na kila mtu. Huonekana pale ambapo pande mbili zilizotia sahihi hati ileile zinapogombana, na mojawapo inalazimika kujibu kwa maneno iliyokwisha kuyakiri.

Ni vema kutaja kwanza jambo moja la lugha. Kiswahili cha kanisa hutumia kitenzi kimoja, kuungama, kwa mambo mawili: mtu huungama dhambi zake, na kanisa huungama imani yake. Msomaji anaweza kuona hapo utata tu. Lakini matumizi hayo yanahifadhi ukweli wa kihistoria, kwani katika hali zote mbili anayeungama husema mbele ya mwingine, kwa sauti, jambo ambalo baada ya kulisema hawezi tena kujifanya hakulisema. Ungamo si muhtasari wa mafundisho tu. Ni tendo la hadharani.

Tendo hilo lilifanyika Augsburg tarehe 25 Juni 1530. Kaisari Karl V alikuwa ameita Baraza la Dola akitaka umoja wa Wajerumani dhidi ya majeshi ya Waturuki, yaliyokuwa yameuzingira mji wa Vienna mwaka uliotangulia. Martin Luther hakuwapo. Tangu 1521 alikuwa chini ya marufuku ya dola, hivyo aliachwa katika ngome ya Coburg, na kazi ya kuandika ikamwangukia Philipp Melanchthon. Hati yake ilikuwa na ibara 28: 21 za mwanzo zilieleza imani, na 7 za mwisho zilitaja desturi zilizokuwa zimerekebishwa. Chansela wa Saksonia, Christian Beyer, aliisoma kwa Kijerumani kwa muda wa saa mbili hivi, na inasimuliwa kuwa sauti yake iliwafikia hata waliosimama uani.

Waliotia sahihi hawakuwa wachungaji. Walikuwa Johann wa Saksonia, Georg wa Brandenburg-Ansbach, Philipp wa Hesse na watawala wengine kadhaa, pamoja na wawakilishi wa miji ya Nürnberg na Reutlingen. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika mafundisho ya kipaimara, ambako Ungamo la Augsburg huelezwa kana kwamba ni mali ya wanateolojia. Lilikuwa ungamo la walei waliokuwa na ardhi, vyeo na raia wa kupoteza. Kwa upande mwingine, ukweli huohuo unaeleza udhaifu ulioliandama kanisa hilo kwa karne nne: lilizaliwa mikononi mwa watawala, na lilipata shida kila lilipotakiwa kusema neno ambalo mtawala hakulipenda.

Ibara mbili za Ungamo hilo zinahitaji kuangaliwa kwa ukaribu, kwa kuwa ndizo zilizobishaniwa baadaye. Ibara ya 7 inafundisha kuwa kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili huhubiriwa kwa usafi na sakramenti hutolewa kwa haki, na kwamba yatosha kwa umoja wa kanisa kukubaliana katika mambo hayo mawili. Taratibu zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Ibara ya 16 inafundisha kuwa serikali na sheria njema ni kazi ya Mungu, na Mkristo hutakiwa kuzitii, isipokuwa zinapomwamuru kutenda dhambi. Kila moja ya ibara hizi ina makali pande mbili. Ya kwanza yaweza kuunganisha makanisa yenye desturi tofauti, na pia yaweza kutetea makanisa yaliyoamua kukaa mbalimbali. Ya pili yaweza kufundisha utii, na yaweza kufundisha mpaka wa utii.

Makali hayo yalijaribiwa mapema. Mwezi Aprili 1547 majeshi ya Kaisari yaliwashinda Waprotestanti huko Mühlberg, na mwaka uliofuata ukatolewa utaratibu wa muda ulioitwa Interim, uliodai kurudishwa kwa ibada na sherehe nyingi zilizokwisha kuachwa. Wachungaji wengi wa kusini mwa Ujerumani waliokataa walifukuzwa. Huko Saksonia, Melanchthon na wenzake walijaribu njia ya kati. Walisema kuwa mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani hayataguswa, lakini kanzu, mishumaa, siku za kufunga na mambo mengine ya namna hiyo hayakuamriwa wala hayakukatazwa na Neno la Mungu. Kwa hiyo kanisa laweza kuyakubali kwa ajili ya amani. Mambo hayo yaliitwa adiafora, yaani mambo ya hiari.

Aliyewapinga zaidi alikuwa kijana Matthias Flacius, mwalimu wa Kiebrania mjini Wittenberg, mzaliwa wa Istria. Alihamia Magdeburg mwaka 1549, mji uliogoma kuupokea utaratibu huo na ambao ulizingirwa na jeshi kuanzia 1550. Flacius hakudai kuwa kanzu nyeupe ni dhambi. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko hiyo. Jambo la hiari hubaki la hiari maadamu aliyepewa ana uhuru wa kulikataa. Linapolazimishwa kwa upanga, na watu wa kawaida wakaona katika kukubali kwake dalili ya kwamba Injili imeshindwa, hakuna tena jambo la hiari. Kanisa liko katika hali ya kuungama.

Mwenye kusoma maandishi ya ugomvi huo leo anaweza kuchoshwa na ukali wake, na Flacius hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Hata hivyo, Ibara ya 10 ya Fomula ya Makubaliano ilifuata kiini cha hoja yake, na mwaka 1580, tarehe 25 Juni, miaka 50 kamili baada ya kusomwa kwa Ungamo, Fomula hiyo iliingizwa katika Kitabu cha Makubaliano pamoja na Ungamo la Augsburg, Utetezi wake, Katekisimo mbili za Luther na hati nyingine. Walutheri wakawa wamepata kanuni isiyo ya kawaida: jambo lilelile laweza kuwa dogo leo na kuwa suala la imani kesho, kutegemea ni nani analidai na kwa nguvu gani.

Karne ya 19 iliifanya kanuni hiyo kuwa ya kubishaniwa tena. Mwaka 1817 Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliwaunganisha Walutheri na Wareformed wa nchi yake katika kanisa moja la muungano. Baadhi ya Walutheri walikataa, na miongoni mwao wamo waliohamia Australia kuanzia 1838. Nje ya Prussia, huko Dresden, chama cha misioni kilianzishwa mwaka 1836 kwa nia ya kupeleka Injili kwa msingi wa maungamo ya Kilutheri pekee. Kilihamia Leipzig mwaka 1848. Misioni ya Leipzig ilikuwa kali katika ungamo. Ajabu ni kwamba ukali huo haukuizuia, chini ya uongozi wa Karl Graul, kuvumilia matabaka ya kuzaliwa miongoni mwa Wakristo wa Kitamil nchini India, kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya maisha ya jamii na si ya imani. Misioni nyingine za Kiprotestanti zililaumu. Hapo swali la adiafora liliulizwa, nje ya Ulaya, juu ya utengano wa watu badala ya juu ya mavazi, na jibu lililotolewa halikuwa la kujivunia.

Historia hii inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Misioni ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893. Misioni ya Berlin ilikuwa imeanza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Chama kilichokuja kujulikana kama Misioni ya Betheli kilianzia Dar es Salaam mwaka 1887, kikaenda Usambara na baadaye Bukoba, nacho kilitokana na mazingira ya kanisa la muungano la Prussia. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa Wajerumani, walikuja kusaidia Wamarekani wa sinodi ya Augustana, ambao jina lao lenyewe lilikuwa ni jina la Kilatini la Ungamo la Augsburg. Mwafrika aliyebatizwa Machame, Lushoto au Kidugala alirithi, pasipo kuulizwa, mapatano na magomvi ya Wajerumani ambayo hakuwa na sehemu katika kuyaanzisha. Makanisa saba yaliyotokana na kazi hizo yalipoungana mwezi Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, yalitofautiana kwa liturujia, kwa muundo wa uongozi na kwa lugha za ibada. Ibara ya 7 ndiyo iliyowezesha hayo yote kuachwa bila kusawazishwa. Ilitosha kukubaliana katika Injili na sakramenti. Kwa Tanganyika, neno hilo “yatosha” lilikuwa neno la kuunganisha.

Kusini mwa Afrika neno hilohilo lilitumika kinyume. Makanisa ya Kilutheri yaliyotokana na walowezi na wamisionari wa Kijerumani yalikuwa yamejengwa kwa mstari wa lugha na rangi. Hoja iliyotolewa kuyatetea haikuwa ya kibaguzi kwa sura yake. Ilisemwa kuwa watu huabudu vema katika lugha yao na desturi zao, kwamba muundo wa kanisa ni taratibu ya kibinadamu, na kwamba umoja wa kiroho uko tayari katika mafundisho yanayoshirikiwa. Ibara ya 7 ikatajwa kama ushahidi. Ibara ya 16, pamoja na mafundisho ya falme mbili yaliyotokana na Luther, ikatajwa ili kuonyesha kuwa mambo ya sheria za nchi si kazi ya mimbari.

Haifai kuzipuuza hoja hizo kana kwamba zilikuwa hila tupu. Zilikuwa na mizizi, na Ujerumani ilikwisha kuonyesha zinapoweza kufikia. Mwezi Aprili 1933 Dietrich Bonhoeffer aliandika kwamba serikali ikilazimisha kutengwa kwa Wayahudi waliobatizwa, kanisa litakuwa katika hali ya kuungama. Mei 1934 Tamko la Barmen lilikataa madai ya dola juu ya kanisa. Lakini mwezi uliofuata wanateolojia wa Kilutheri Werner Elert na Paul Althaus walishiriki kutoa hati ya Ansbach dhidi ya Barmen, wakidai kuwa familia, taifa na damu ni taratibu za Mungu ambazo Mkristo huzipokea kwa shukrani, na hata wakamshukuru Mungu kwa ajili ya kiongozi wa wakati huo. Walisema hayo kama watetezi wa ungamo. Kwa hiyo dai la kwamba maungamo ya kale humlinda mtu na upotovu kwa kuwa nayo tu haliwezi kusimama mbele ya ushahidi wa mwaka 1934. Mtu aweza kulijua Ungamo la Augsburg kwa moyo na akalitumia kama pazia.

Mabadiliko kusini mwa Afrika yalianzia kwa makanisa ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1971, siku chache baada ya Mahakama ya Kimataifa kutoa maoni kuwa Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria, Askofu Leonard Auala na Mwenyekiti wa kanisa jirani, Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi. Barua hiyo ilitumia hasa lugha ya haki za binadamu. Ilitikisa, na ilisomwa katika sharika za Namibia. Ila makanisa ya Wazungu yaliweza kuijibu kwamba hayo ni maoni ya kisiasa, na Wakristo wana ruhusa ya kutofautiana katika siasa. Mwaka 1975 mkutano wa makanisa ya Kilutheri ya kusini mwa Afrika huko Swakopmund ulianza kuzungumza kwa lugha nyingine, lugha ya umoja wa kanisa na ushuhuda wake.

Hapo ndipo umuhimu wa tamko la Dar es Salaam unapoonekana. Lilikubali waziwazi kuwa kwa kawaida Wakristo wanaweza kuwa na maoni tofauti ya kisiasa. Yaani, lilimpa mpinzani hoja yake. Kisha likasema kuwa mfumo wa kisiasa unaweza kupotoka kiasi kwamba kuukataa kunakuwa sehemu ya ungamo, na kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa umefikia hapo. Mantiki yake ni ya Flacius, ingawa tamko halikumtaja. Utengano wa lugha katika ibada waweza kuwa jambo la hiari. Unapokuwa sehemu ya mfumo unaolazimishwa kwa bunduki, na mwamini mweusi anapokuta kuwa hawezi kukaribia Meza ya Bwana pamoja na mwenzake mweupe, si jambo la hiari tena. Na hapo Ibara ya 7 inamgeukia aliyeitumia, kwa sababu haisemi kwamba sakramenti zitolewe tu, bali kwamba zitolewe kwa haki.

Tofauti kati ya barua ya 1971 na tamko la 1977 haikuwa ya ujasiri. Auala na Gowaseb walikuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko mjumbe yeyote aliyepiga kura Dar es Salaam. Tofauti ilikuwa ya mahali pa kusimamia. Kanisa la Wajerumani la Windhoek halikuwa limetia sahihi Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Lilikuwa limeungama Augsburg. Lingeweza kukataa kwamba Umoja wa Mataifa una mamlaka juu yake, lakini halingeweza kukataa mamlaka ya ungamo bila kujiondoa lenyewe katika Ulutheri. Mkutano huohuo ulimchagua Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba, kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, naye ndiye aliyebeba suala hilo kwa miaka saba iliyofuata.

Miaka hiyo ilijaa ziara, barua na ahadi. Mwaka 1984, katika Mkutano Mkuu wa Budapest, makanisa mawili ya Wazungu, la Rasi nchini Afrika Kusini na la Kijerumani la Namibia, yalisimamishwa uanachama kwa kuwa hayakuukataa ubaguzi wa rangi hadharani wala kuondoa utengano ndani ya kanisa. Uamuzi huo ulikuwa na matokeo ambayo huenda waliopiga kura hawakuyatazamia. Hadi wakati huo Fungamano lilijieleza kuwa ushirikiano huru wa makanisa. Chombo cha namna hiyo kinapata wapi uwezo wa kumwambia mwanachama kuwa ameikana imani? Swali hilo halikuweza kuepukwa, na mwaka 1990 huko Curitiba, Brazil, katiba ilibadilishwa: Fungamano likajitambua kuwa ushirika wa makanisa yanayoungama pamoja na yaliyounganika katika mimbari na Meza ya Bwana. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umewafundisha Walutheri maana ya kanisa kwa kiwango cha dunia, somo ambalo karne nne za kulisoma Ungamo hazikuwa zimelitoa.

Ni lazima pia kusema kuwa ungamo linalotumika kama kipimo hupimwa lenyewe. Ungamo la Augsburg linawalaani Waanabatisti kwa jina katika ibara kadhaa, na laana hizo zilichangia kuhalalisha mateso yao katika nchi za Kilutheri, hata kufikia kuuawa. Huko Stuttgart, mwezi Julai 2010, Fungamano liliwaomba radhi Wamenonaiti, warithi wa Waanabatisti, na kumwomba Mungu msamaha. Hakuna aliyefuta ibara hizo katika hati ya 1530. Makanisa yaliendelea kuliungama Ungamo, na wakati huohuo yakaungama dhambi iliyotendwa kwa kulitumia. Maana zote mbili za kitenzi cha Kiswahili zikakutana katika ibada moja. Mfano wa Wabatak wa Sumatra unaonyesha njia nyingine. Mwaka 1951 kanisa lao la HKBP lilitunga ungamo lake lenyewe, na mwaka uliofuata lilipokelewa katika Fungamano kwa msingi wa ungamo hilo, bila kutakiwa kutia sahihi ya Augsburg. Makanisa ya Kilutheri ya Tanzania hayakuchukua njia hiyo. Yaliipokea hati ya Augsburg pamoja na Katekisimo Ndogo, na kwa waumini walio wengi ni Katekisimo hiyo, iliyokaririwa darasani kabla ya kipaimara, ndiyo ungamo wanalolijua.

Kusimamishwa kwa makanisa yale mawili kuliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya Namibia kupata uhuru na sheria za ubaguzi kuanza kuanguka. Mwezi Mei 2017, katika mwaka wa kumbukumbu ya miaka 500 ya Matengenezo, Mkutano Mkuu wa Fungamano ulifanyika Windhoek. Wenyeji wake walikuwa makanisa matatu ya Kilutheri ya Namibia: moja lililotokana na kazi ya Wafini kaskazini, moja lililotokana na misioni ya Rhein, na lile la Wajerumani. Yote matatu yanaliungama Ungamo la Augsburg, nayo yalikuwa yangali makanisa matatu.